Mlima Mmoja, Vipigo Vitatu

Jumapili, 17 Agosti 2025. Lwakhakha hadi Mbale

Tumevuka mpaka saa nne asubuhi. Mimi nimepita kwa kitambulisho tu. Mangi amegongewa muhuri kwenye pasipoti, kwa kuwa mpango wa kuvuka kwa vitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo. Amelalamika kidogo, kisha akanunua mahindi ya kuchoma, akanyamaza. Mangi si jina lake. Ni Mchaga wa Moshi niliyesoma naye chuo, na Mchaga akishavuka Namanga huitwa Mangi atake asitake.

Nia yetu ni Wagagai, kilele cha juu kabisa cha mlima Elgon, mita 4,321, kwa njia iitwayo Sasa, upande wa Uganda. Shule zetu zinafunguliwa tarehe 25, kwa hiyo Jumapili ijayo lazima niwe nyumbani nimenyoa na shati limepigwa pasi. Mangi amepanda Kilimanjaro mara mbili. Ukimtajia mita 4,321 anaitikia "mm" ile ya mtu aliyezoea meli akionyeshwa mtumbwi.

Shemeji ametupokea kwenye paki ya Mbale. Yeye ni Mgisu, kamwoa dada yangu. Mimi ni Mbukusu. Ukisema "mulembe" kwetu Bungoma unaitikiwa "mulembe", na ukisema "mulembe" hapa unaitikiwa vilevile, ila huku wanakutazama mara ya pili kusikia lafudhi yako imetoka bonde gani. Huo mlima ulioandikwa Elgon kwenye ramani, wazee wa pande zote mbili wanauita Masaba.

Habari ya leo ilitufikia jioni: Kenya 1, Zambia 0, bao la Ryan Ogam. Tumeongoza kundi la CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ambayo mwaka huu yameandaliwa na nchi tatu kwa pamoja. Tanzania nao wameongoza kundi lao bila kufungwa mechi hata moja. Uganda wanamaliza kesho dhidi ya Afrika Kusini. Kwa hiyo jioni hii mezani kwa dada walikaa wenyeji watatu, kila mmoja akimkaribisha mwenzake kombe.

Jumatatu, 18 Agosti. Budadiri

Asubuhi ilikuwa ya karatasi: ofisi ya hifadhi, majina kwenye daftari, malipo. Shemeji alipiga simu kutuuliza, "Mmeshapata gaidi yenu?" Mangi akanitazama. Ilibidi nimfafanulie kwamba hapa neno hilo limeingia kwa mlango wa Kiingereza, lina maana ya mwongoza njia, na halina bunduki. Bunduki anayo askari wa hifadhi, ambaye pia tumepewa. Wapagazi nao wawili, vijana wa hapahapa. Mangi anawaita "wagumu", kama wanavyoitwa kule Kilimanjaro, na wenyewe wamelipenda jina hilo hata wanaitana hivyo.

Usiku tukaenda kibandani. Kwetu Kenya kibanda ni mahali pa kula chapati na maharagwe. Uganda kibanda ni ukumbi wa mabati na mbao unaoonyesha filamu na mpira, unalipa mlangoni, unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Uganda walitangulia kufunga, kisha wakajikuta nyuma 3–1, watu wakaanza kutoka kimyakimya wakijifanya wana haja ndogo. Zikaja penalti mbili mwishoni. 3–3! Waliotoka wakarudi mbio, na mwenye kibanda akawadai kiingilio upya. Ugomvi huo ulikuwa mtamu kuliko mechi. Uganda nao wameongoza kundi lao, na nchi zote tatu zimo robo fainali.

Kalenda ikapigiwa hesabu palepale benchini. Kenya wanacheza na Madagascar Ijumaa saa kumi na moja jioni, Tanzania na Morocco usiku huohuo, Uganda Jumamosi na mpinzani ambaye bado hajajulikana. Sisi tunashuka Ijumaa. Mwongozaji aliinua kidole kimoja: "Tukiondoka kambi ya Mude alfajiri, tisa mchana mko hapa." Ratiba ya mlima ikawa imepangwa na shirikisho la mpira la Afrika.

Jumanne, 19 Agosti. Kambi ya mto Sasa, mita 2,900

Kupanda tangu asubuhi hadi jioni, zaidi ya mita elfu moja na nusu kutoka Budadiri. Mwanzo ni mashamba ya kahawa na migomba, watoto wakituaga kana kwamba tunahama nchi. Kisha majabali ya Mudangi, unakopanda kwa ngazi zilizofungiwa mwambani, na hapo Mangi hakusema "mm".

Baada ya hapo ni mianzi, mianzi, mianzi. Wanakijiji wana ruhusa ya kuingia kuchukua machipukizi yake, ambayo huyakausha kwa moshi na kuyaita malewa. Tulipishana na mama mmoja akiteremka na mzigo kichwani, viatu vya plastiki miguuni, anaimba. Sisi tulikuwa na fimbo mbili kila mtu na viatu vya bei ya mbuzi.

Mvua kuanzia saa nane. Wali na maharagwe. Usingizi.

Jumatano, 20 Agosti. Pango la Mude, mita 3,500

Siku fupi. Msitu umeisha, sasa ni nyasi za vishungi na ile mimea mirefu ya ajabu inayosimama kama watu waliofunikwa mablanketi. Baridi. Mangi anaumwa kichwa na hataki kusema, lakini nimemwona akinywa maji kama ngamia. Tumezungumza chakula tangu saa kumi hadi kulala. Yeye anataka kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Mimi nataka kuku wa dada. Askari, ambaye hakuwa amesema maneno kumi tangu jana, alisema anataka bia ya Nile moja tu, ile ya friji, yenye jasho kwenye chupa. Kukawa kimya hapo pangoni. Sote tulikuwa tunaiona.

Alhamisi, 21 Agosti. Wagagai

Tuliamka saa tisa usiku, tukatembea na tochi kichwani. Nimefika saa mbili na nusu asubuhi, Mangi dakika ishirini nyuma yangu. Nayaandika haya kwa herufi kubwa moyoni.

Juu kuna bango, mawe, na upepo usio na adabu. Kwa dakika kama kumi ukungu ulipasuka, tukaona ndani ya lile beseni kubwa lililobaki baada ya mlima kulipuka na kubomokea ndani zamani za kale. Ng'ambo ya beseni ni Kenya. Nyumbani kwetu ni huko chini nyuma ya ile kingo, na mimi nilikuwa nimezunguka nchi nyingine ili nije kupaona kwa nyuma. Mangi alikaa juu ya jiwe akasema, "Aisee, huu si mtumbwi." Sikumwomba aseme hivyo. Kasema mwenyewe.

Picha, biskuti, kurudi Mude.

Ijumaa, 22 Agosti. Kushuka, halafu kibandani

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Zaidi ya mita elfu mbili za kuteremka kwa siku moja. Watu husimulia kupanda. Hakuna anayekuambia habari za kushuka: magoti yanavyokuwa breki, vidole vya mguu vinavyogonga ukuta wa kiatu kila hatua, matope ya kwenye mianzi yanayokuteremsha bila ruhusa yako. Pale Mudangi nilishuka ngazi kinyumenyume, nikihesabu kwa sauti. Kucha yangu ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Kipande cha mwisho tulipanda bodaboda, na nikagundua kwamba kuinua mguu kuupitisha juu ya kiti cha pikipiki ni kazi ya watu wawili.

Saa tisa na robo, Budadiri. Mwongozaji alisema tisa. Robo ile ni yangu.

Mbele ya kibanda kuna baa, na nyuma ya baa kuna mtu anachoma nguruwe. Mangi akauliza kama kuna kitimoto, na mchomaji akafikiri anaomba kiti. Akamletea kiti. Wakaelewana baadaye kwa kidole. Kilo mbili, zikachomwa mpaka ngozi ikalia kama bisi, zikaletwa kwenye sinia pamoja na muhogo wa kukaanga, kachumbari, parachichi na chumvi iliyomwagwa pembeni. Mhudumu akauliza swali la Afrika Mashariki nzima: "Baridi ama moto?"

Siku mbili zilizopita, kule Mude, nilikuwa nimeapa kwamba sitagusa kitu baridi mpaka Krismasi. Nikasema, "Baridi. Ile ya chini kabisa."

Nile Special ni bia yenye nguvu, asilimia 5.6, inatoka Njeru karibu na Jinja, na mtu aliyeshuka mlima haihitaji nyingi. Ya kwanza sikuisikia ladha. Ilipita tu kama mvua kwenye mchanga. Ya pili ndiyo niliyokunywa. Nusu saa hiyo, miguu imenyooshwa juu ya kreti, mafuta ya nyama kwenye vidole, jasho la chupa likichora duara mezani, sikuwa na neno na mtu. Kama ningeambiwa mechi imeahirishwa ningesema sawa. Haikuahirishwa.

Kibanda kilijaa. Nilidhani nitashangilia Kenya peke yangu, kumbe nusu ya ukumbi iko upande wetu. "Nyinyi ni Bamasaba kama sisi," mwongozaji akasema, ingawa mstari wa mbele kulikuwa na vijana walioishangilia Madagascar kwa sababu tu ya kutuudhi. Mangi akawaambia kwa madaha: "Hao tuliwafunga sisi mbili kwa moja."

Kasoro ilikuwa moja. Kwenye kona ya nyuma alikaa mzee mwenye kabuti na redio ndogo ya betri, kaiegemeza sikioni, anasikiliza stesheni ya Kenya inayofika hapa bila taabu kwa sababu Kenya iko nyuma ya mlima. Na redio ilikuwa mbele ya dishi kwa sekunde kadhaa. Kipindi cha pili kimeanza tu, kwenye skrini tunaona kona inaandaliwa, mpira haujapigwa, mzee kainuka: "Imeingia!" Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, ukageuka tena kutazama skrini, na hapo ndipo kona ikapigwa na Alphonse Omija akaifunga kwa kichwa. Nimewahi kushangilia mabao mengi. Sijawahi kushangilia bao nililolisubiri kama ninavyosubiri matatu stendi.

Nikataka kuruka. Akili iliruka. Mapaja yakakataa. Nilipata nusu ya kusimama, vigimbi vikakaza, nikabaki nimeinama nimeshika bega la mtu nisiyemjua. Mwongozaji akanivuta kwa mkono wa koti, na niliposimama wima mpira ulikuwa umeshawekwa katikati.

Madagascar wakasawazisha kwa penalti, Razafimaro. Mzee hakusema kitu safari hiyo, alishusha tu redio magotini, tukajua. Dakika tisini, 1–1. Dakika za nyongeza, 1–1. Kufika hapo mwenye kibanda alimwendea mzee akamwambia achague: redio au kiti. Mzee akaizima? Wapi. Aliiingiza ndani ya kabuti, akageukia ukutani ili asitusomeshe usoni.

Lakini mabega hayana adabu. Mikwaju ile ya penalti niliitazama yote kwenye mgongo wa yule mzee. Yakipanda, yetu imeingia. Yakitulia, tumekosa. Kwenye skrini mchezaji bado anaupanga mpira, nami nimeshajua, nimekaa kwenye benchi hilo nikiwa na habari ambayo sikuitaka. Madagascar 4, Kenya 3. Mabega yalishuka taratibu, kama ya mtu anayetua mzigo, kisha mzee akafungua mlango wa nyuma akatoka bila kuaga.

"Pole, mwalimu," Mangi akasema. Pole yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuupenda. Akaagiza nyama nyingine.

Saa mbili usiku ikaja zamu yake. Taifa Stars na Morocco, Dar es Salaam. Sitaieleza sana, nilikuwa nimechoka, nilisinzia mara mbili, na mara zote mbili nilipozinduka matokeo yalikuwa 0–0. Mara ya tatu yalikuwa 1–0, Lamlioui, na Mangi alikuwa ameshika mfupa ambao haukuwa na nyama tena. Nilimweleza mchomaji kwamba kitimoto maana yake ni kiti chenye moto. Akamtazama Mangi alivyokaa, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ameelewa.

Jumamosi, 23 Agosti. Mbale

Nimeamka nikidhani nimepooza. Kitanda cha dada ni cha chini, ndiyo iliyoniokoa: nilijiviringisha hadi sakafuni, kisha nikajiinua kwa ukuta. Mangi nilimsikia chumba cha pili akijadiliana na suruali.

Dada alituwekea beseni mbili za maji ya moto na chumvi, tukakaa uani miguu majini kama wagonjwa wa zahanati. Kutoka hapo unaona ukingo wa Wanale umesimama juu ya mji, na maporomoko membamba yakining'inia. Jambo zuri la kutazama mlima ukiwa umekaa. Dada alicheka mpaka akashika ubavu. "Mmelipa pesa," alisema. "Mama mkwe wangu huenda huko kuchuma malewa, na jioni anarudi kupika."

Na hayo malewa ndiyo aliyopika. Yalikuwa yamelowekwa tangu juzi kupunguza moshi, yakachemshwa, yakaungwa kwa karanga za kusaga mpaka mchuzi ukawa mzito wa rangi ya udongo. Ladha yake ni ya uyoga uliokaa karibu na moto, na utafunaji wake una ubishi kidogo. Kwa matoke. Nilikula sahani tatu, nikiwaza yule mama wa viatu vya plastiki.

Kisha kuku. Hapa kulitokea suala la itifaki. Firigisi kwa desturi ni ya mwenye nyumba. Dada akaiweka kwenye sahani yangu, kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyesimama upande wa kwetu siku ya mahari na sijawahi kulipwa nauli. Shemeji aliitazama ile firigisi kama refa anayesubiri kuitwa kwenye skrini ya pembeni. Nikaikata vipande viwili. Mangi akasema Uchagani ingekuwa kesi.

Alasiri majirani wakaanza kuja mmojammoja, jezi za Uganda, kila mtu na kigoda chake. Mzee wa boma jirani akaleta chungu cha malwa. Ni pombe ya wimbi. Unamwagia maji ya moto, unangoja, kisha mnakizunguka chungu kila mtu na mrija wake mrefu. Kwetu mrija huo ni lusekhe, na walipolisikia neno hilo kinywani mwangu wakapiga makofi, nikasogezwa karibu na chungu. Malwa haina haraka. Huwezi kuibugia, inapanda kwenye mrija kwa wakati wake, vuguvugu, yenye uchachu. Nile ya jana ilikuwa ya koo. Hii ni ya mgongo. Nilihisi misuli ikiachia mmojammoja, kuanzia shingoni. Anayeamka kwenda msalani anakabidhi mrija wake kwa jirani aulinde, na mimi kwa hali ya miguu yangu niligeuka mlinzi wa mirija ya watu wote.

Runinga ilitolewa mlangoni ikatazamishwa uani. Mangi na mimi, wafiwa wa jana, tuliamua kuwa Waganda kwa saa mbili. Senegal ndio waliokuwa wakilishikilia kombe hilo, lakini kelele za uwanja wa Namboole zilikuwa zinakuja mpaka kwenye chungu. Kila Uganda wanapovuka katikati ya uwanja mirija yote ilitoka mdomoni kwa pamoja.

Oumar Ba, kipindi cha pili. Moja. Haikurudi.

Hakuna aliyezima runinga. Shemeji alisimama, akaingia ndani, akatoka na birika, akamwaga maji ya moto kwenye chungu polepole akizungusha mkono. Kenya, Tanzania, Uganda: wenye nyumba wote watatu tumetolewa ndani ya siku mbili, na mashindano yanaendelea sebuleni kwetu bila sisi. Mzee wa boma jirani aliuliza kama fainali itachezwa wapi. Kasarani, nikamjibu, Nairobi. Akafikiri. "Basi angalau nyinyi mtafagia uwanja."

Tukacheka sana, pengine kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Nyama ya kuku ilikuwa imebaki. Mtu akaweka muziki. Shemeji akaanza kunipangia safari ya mwaka ujao, maana 2026 inagawanyika kwa mbili na Wagisu watakuwa kwenye tohara, imbalu, mitaa yote itacheza ngoma. Nikasema nitakuja, lakini mlimani siendi. Hata sasa niandikapo, saa tano usiku, chungu hakijaisha.

Jumapili, 24 Agosti. Nyumbani

Dada amenifungia malewa makavu kwenye gazeti, na matatu yote inanuka moshi. Mangi ameshukia njia panda kutafuta basi la Nairobi; nimemwona kupitia dirishani akivuka barabara kwa hatua za bata, begi mgongoni, akimsimamisha dereva wa lori kwa kiganja.

Mpakani hakuna aliyetaja mpira. Bungoma stendi, kila mtu ameshuka, mimi bado nimeshika kiti cha mbele natafuta jinsi ya kuanza. Kondakta, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la nane, amerudi ndani akaninyooshea mkono.

"Shika hapa, mzee. Polepole."

Nina miaka thelathini na sita. Nimeshika.